Matini Isiyo na Anwani: Uhakiki wa "Vocabulaire" ya André Yav na Funzo Lake kwa Masimulizi ya Kanyaruchinya

1.0 Utangulizi

Swali moja limezoeleka katika mijadala kuhusu Kiswahili cha mashariki ya Kongo: kwa nini maandishi yake hayapati wasomaji, na hata yakiwapata, kwa nini ni nadra kutajwa na waandishi wengine? Jibu linalotolewa haraka ni kwamba lugha yenyewe haikusanifiwa. Husemwa kwamba msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi akikutana na "batu" mahali pa "watu", huliweka andiko kando. Jibu hilo lina sehemu ya ukweli, lakini halitoshi. Yapo maandishi ya Kiswahili sanifu kabisa yaliyolala makabatini bila kuguswa, na yapo maandishi ya Kiswahili cha Kongo, kama tutakavyoona, yaliyosomwa na kutajwa katika vyuo vikuu vya mabara mengine.

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba tofauti kubwa baina ya makundi hayo mawili imo katika mpangilio. Kwa mpangilio tuna maana ya mambo ambayo mhakiki kwa kawaida huyapita mbio ili ayafikie maudhui: jina la andiko, migawo yake, namba za kurasa na aya, tarehe, mahali, na namna andiko moja linavyomwelekeza msomaji kwenye jingine. Mambo hayo kwa pamoja tutayaita anwani ya matini. Nyumba isiyo na anwani inaweza kuwa nzuri, lakini mgeni haifikii, na aliyeifikia kwa bahati hawezi kumwelekeza mwenzake.

Kwanza tutatazama jinsi mapokeo ya Kiswahili yenyewe yalivyoshughulikia suala hili. Pili tutahakiki andiko moja mashuhuri la Kiswahili cha Katanga. Mwisho tutaliangalia suala hilo katika Kanyaruchinya, kitongoji kilichoko kaskazini ya mji wa Goma katika njia ya kwenda Rutshuru, ambako si suala la nadharia hata kidogo.

2.0 Anwani katika mapokeo ya Kiswahili

Huenda ikadhaniwa kwamba kujali anwani ni desturi iliyoletwa na wachapishaji wa kigeni. Sivyo. Watunzi wa tenzi waliijua kazi hii kabla mitambo ya chapa haijafika pwani. Utenzi wa kimapokeo hufungua kwa dua na kwa sababu ya kutungwa kwake, na mara nyingi hufunga kwa jina la mtunzi, idadi ya beti na mwaka. Mwana Kupona binti Msham, aliyemtungia binti yake utenzi wa nasaha takriban mwaka 1858, alizihesabu beti zake mwishoni. Hesabu hiyo si pambo. Ni kinga dhidi ya mnakili atakayeruka ubeti au kuongeza wa kwake, na humwezesha msomaji kujua kama alicho nacho mkononi ni kizima au ni kipande.

Ushairi wa majibizano nao una anwani yake. Shairi la jibu halisimami peke yake: humtaja aliyeanza, huchukua neno lake au kina chake, na kwa kufanya hivyo humtuma msikilizaji akalitafute lile la kwanza. Mashairi mengi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yalizaliwa katika malumbano ya mji wake, katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Yalipokusanywa baadaye na Mwalimu Sikujua bin Abdallah kwa ajili ya W. E. Taylor, beti ziliandamana na maelezo kuhusu matukio yaliyozizaa. William Hichens alipoichapisha Diwani ya Muyaka mwaka 1940, na Mohamed Abdulaziz alipotoa kitabu chake juu ya mshairi huyo mwaka 1979, walikuta njia imekwisha kufyekwa. Bila maelezo hayo sehemu kubwa ya diwani ingebaki mafumbo matupu.

Jarida la Mambo Leo, lililoanzishwa na Idara ya Elimu ya Tanganyika mwezi Januari 1923, lilizitumia mbinu hizo kwa namna nyingine. Lilikuwa na safu zilizomzoea msomaji naye akazizoea: habari za miji, barua, mashairi, hadithi. Msomaji wa Tabora hakuhitaji kulipekua jarida zima. Alijua pa kutazama ili aone kama mji wake umetajwa. Na aliyekutana na shairi katika toleo moja aliweza kulijibu katika toleo jingine, kwa kuwa shairi lilikuwa na kichwa chake na jina la mtungaji. Serikali ya kikoloni ilikuwa na malengo yake katika kulichapa jarida hilo, na hatupaswi kuyasahau. Hata hivyo uhai wake mrefu ulitokana pia na jambo hili, kwamba wasomaji wake ndio waliokuwa waandishi wake, na mpangilio ndio uliowapa mlango wa kuingilia.

Katika mifano hii mitatu tunaona kanuni moja. Matini hupata wasomaji pale inapomwonyesha msomaji aanzie wapi, na hutajwa na matini nyingine pale inapompa mwandishi mwingine mahali pa kuishikia.

3.0 "Vocabulaire" kama ilivyoandikwa

Mwaka 1965, katika mji wa Elisabethville ambao leo ni Lubumbashi, lilitoka andiko lililopigwa kwa taipureta na kurudufiwa, lenye kichwa cha Kifaransa: Vocabulaire de ville de Elisabethville. Mkusanyaji wake alikuwa André Yav, naye aliandika kwa niaba ya watumishi wa zamani wa majumbani, wale walioitwa "boyi" na waajiri wao. Lugha yake ni Kiswahili cha Katanga kama kilivyosemwa mjini. Maudhui yake ni historia: kuja kwa Wazungu, utawala wa mfalme Leopold wa Pili, kukua kwa mji chini ya kivuli cha kampuni ya Union Minière, na maisha ya watu waliopika, waliofua na waliolea watoto wa mabwana zao. Ni historia iliyosimuliwa na watu walioiona kutoka jikoni.

Kwa upande wa maudhui hatuna budi kusema kwamba ni andiko lisilo na kifani. Maandishi ya Kiafrika kuhusu Kongo ya kikoloni yaliyoandikwa na wafanyakazi wenyewe, kwa lugha yao wenyewe, bila mmisionari wala mwalimu kusimama nyuma ya mwandishi, ni machache mno. Kasoro zake ziko katika anwani, nazo ni tatu.

Ya kwanza ni jina. Neno la Kifaransa lililotumiwa lina maana ya msamiati. Anayetafuta historia ya Elisabethville atalipita, akidhani ni orodha ya maneno. Anayetafuta orodha ya maneno atalifungua, na kulifunga kwa kukata tamaa. Yawezekana kwamba kwa Yav na wenzake neno hilo lilibeba maana pana zaidi, yaani maneno ya mji, mambo ambayo mji unayasema juu ya nafsi yake. Tafsiri hiyo inavutia, na mhakiki anaweza kuijengea hoja. Lakini ni maana anayoifikia aliyekwisha soma. Yule aliyeko nje bado hajaambiwa chochote.

Kasoro ya pili ni migawo. Masimulizi huenda mbele na kurudi nyuma, na msomaji hapewi alama za kutosha za kumjulisha kwamba jambo moja limekwisha na jingine linaanza. Hata maneno yenyewe hukatwa au kuunganishwa pasipotarajiwa, na tahajia hubadilika kutoka mstari hadi mstari. Jambo hili limewafanya baadhi ya watu waliite andiko bovu. Hukumu hiyo ni ya macho tu. Andiko hili halikukusudiwa kusomwa kwa macho pekee. Likisomwa kwa sauti na mtu wa Katanga, mipaka ya maneno na ya sentensi hujitokeza yenyewe. Kwa hiyo kosa haliko katika lugha ya Yav. Sauti yake ilitiwa katika karatasi bila kupewa vituo ambavyo karatasi inavihitaji.

Kasoro ya tatu ni kwamba andiko halimwelekezi msomaji popote nje yake. Linasema mambo mengi ambayo wengine waliyajua na ambayo huenda waliyaandika, lakini halisemi "kamuulize fulani" wala "tazama mahali fulani". Kwa wasomaji wake wa kwanza, ambao walikuwa wazee wa mji ule ule, hapakuwa na haja hiyo. Walikuwa wao wenyewe ndio faharasa. Wazee hao walipoanza kuondoka, faharasa iliondoka nao.

4.0 Kazi ya wahariri: faida na hasara

Andiko hili lilitoka katika ukimya mwaka 1990, Johannes Fabian alipolichapisha mjini Amsterdam kwa kusaidiwa na Kalundi Mango, pamoja na maelezo ya kiisimu ya Walter Schicho. Njia waliyoifuata inastahili kuzingatiwa na kila mwanafunzi wa isimu. Mango aliisoma matini kwa sauti, na kutokana na usomaji huo maana zilizokuwa zimejificha katika tahajia zilifunguka. Ndipo zikafuata tafsiri na maelezo. Tangu hapo wanahistoria wa Kongo wameweza kulitaja andiko la Yav kwa ukurasa, kubishana nalo na kulilinganisha na kumbukumbu za makampuni na za serikali. Hapana neno la Yav lililosanifiwa ili jambo hili liwezekane. Kilichoongezwa ni anwani.

Fabian, pamoja na Vincent de Rooij, aliendeleza kazi hiyo kwa kuanzisha katika Chuo Kikuu cha Amsterdam hifadhi ya matini za Kiswahili cha watu wa kawaida, inayosomwa kwa njia ya intaneti, ambamo matini za Kongo huwekwa pamoja na tafsiri na maelezo. Katika kitabu chake cha mwaka 2008 juu ya mazungumzo yake ya mwaka 1974 na mganga mmoja wa Katanga, alitoa hoja kwamba pale matini kamili inapoweza kufikiwa na kila msomaji, uhakiki wenyewe hubadilika: mhakiki hawezi tena kuchagua vipande vinavyompendeza na kuficha vingine, kwa sababu msomaji anaweza kwenda kujionea. Hoja hii ni nzito, na sisi tunaiunga mkono.

Hata hivyo kuna hasara ambayo haina budi kutajwa. Kichwa kikuu cha chapa ya 1990 ni cha Kiingereza, nacho kinalitangaza andiko kuwa historia ya watu wa chini. Kichwa hicho kimerekebisha kasoro ya kwanza tuliyoitaja, lakini kimeirekebisha kwa ajili ya msomaji mwingine. Jina la Yav limehifadhiwa katika kichwa kidogo, na ni haki kulisema hilo. Lakini katika maandishi mengi yaliyofuata, anayetafuta andiko hili hulipata chini ya jina la mhariri. Utangulizi na maelezo yako katika lugha ambayo mjukuu wa boyi wa Elisabethville huenda hawezi kuisoma. Anafika mlangoni pa nyumba ya babu yake, anakuta kibao kimeandikwa kwa lugha ya wageni.

Lawama hii haiwaangukii wahariri, kwa kuwa walifanya kazi ambayo hakuna mwingine aliyekuwa ameifanya. Inatuangukia sisi tunaofundisha Kiswahili katika Kongo. Anwani huwekwa na yule anayewahi, na anayeiweka ndiye anayeamua andiko litaitwa nini, litapangwa katika rafu gani, na litazungumza na nani.

5.0 Kanyaruchinya na tabaka zake

Tuje sasa Kanyaruchinya. Ardhi ya kitongoji hiki ni mawe meusi ya volkano ya Nyiragongo, na kumbukumbu zake zimelaliana kama tabaka za mawe hayo. Mwaka 2012 palikuwa na kambi ya watu waliokimbia mapigano ya Rutshuru. Mwezi Novemba mwaka huo, M23 walipokuwa wanaikaribia Goma, kambi hiyo ilikimbiwa na wengi wakaelekea Mugunga. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ililipuka, na lava ikateremka katika eneo la Nyiragongo hadi kwenye kingo za mji. Kuanzia mwishoni mwa 2022 pakawa tena na kambi, kubwa kuliko ile ya kwanza. Goma ilipotekwa mwishoni mwa Januari 2025, kambi hiyo ilikimbiwa, na katika wiki zilizofuata kambi nyingi za pembezoni mwa mji zilibomolewa.

Katika kila kipindi watu walisimulia, na walisimulia sana, kwa kuwa waulizaji walikuwa wengi: waandishi wa habari, watumishi wa mashirika, watafiti, wanafunzi. Masimulizi mengi yalitolewa kwa Kiswahili. Lakini ripoti nyingi zilizotokana nayo zilichapishwa kwa Kiingereza na Kifaransa, na ndani yake mzungumzaji amebaki na sentensi moja au mbili zilizotafsiriwa. Tasnifu za wanafunzi wetu pia huandikwa kwa Kifaransa. Masimulizi ya Kiswahili ambayo ndiyo msingi wake huishia katika viambatisho, au hayaonekani kabisa. Katiba ya mwaka 2006 inakitambua Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, lakini lugha ya taifa isiyoweza kuonyesha matini za taifa lake ina heshima ya jina tu.

Hapa ndipo kasoro za "Vocabulaire" zinapojirudia. Chukua kichwa cha kawaida kama "Ushuhuda kutoka kambi ya Kanyaruchinya". Ni kambi ipi? Ya 2012 au ya 2022? Aliyesimulia alikuwa mkimbizi kutoka Rutshuru, au mwenyeji aliyeona shamba lake likijaa vibanda? Miaka kumi ijayo msomaji hatakuwa na njia ya kujua, na hata msimulizi mwenyewe akionyeshwa andiko huenda asilitambue. Masimulizi ya vita viwili na ya moto wa mlima yatachanganyika yawe kilio kimoja kisicho na tarehe. Kilio cha namna hiyo huamsha huruma, lakini hakiwezi kutumika kama ushahidi wala kama historia. Linganisha na kichwa hiki: "Kanyaruchinya, Novemba 2012: njia ya Mugunga". Maneno ni machache, lakini msomaji amepewa mahali, wakati na jambo, na mwandishi mwingine amepewa pa kushika.

Suala la maneno ya kutafutia nalo linahitaji uangalifu. Katika istilahi za sheria za kimataifa, mkimbizi ni yule aliyevuka mpaka wa nchi yake. Aliyebaki ndani huitwa mkimbizi wa ndani. Watu wa Kanyaruchinya hawatofautishi hivyo: aliyekimbia ni mkimbizi, hata kama alitoka Kibumba, ng'ambo ya kilima. Faharasa itakayoshika istilahi ya sheria peke yake itamfungia mlango mwenye masimulizi. Itakayoshika neno la watu peke yake itamfungia mwanasheria. Mpangaji mwema ataweka maneno yote mawili, na katika kila moja atamwelekeza msomaji kwenye mwenzake.

6.0 Tahadhari mbili

Hoja yetu inaweza kupingwa kwa njia mbili. Wa kwanza atasema kwamba kuhangaikia wasomaji huharibu maandishi, na atatoa mfano wa magazeti ya udaku ambayo kichwa huahidi moto na ndani hakuna hata moshi. Pingamizi hili ni la kweli, lakini halitugusi. Kichwa cha udaku si anwani. Kinampeleka msomaji mahali pasipokuwapo, na msomaji aliyedanganywa mara mbili harudi mara ya tatu, wala hamtumi mwenziwe. Idadi ya waliosogea mlangoni si kipimo. Kipimo ni idadi ya waliorudi, na ya walioandika wakitaja walichokikuta.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Matini yenye anwani hupatikana na kila mtu, pamoja na yule mwenye bunduki. Yav na wenzake waliandika ukoloni ukiwa umekwisha. Msimulizi wa Kanyaruchinya anasimulia vita vikiwa bado havijaisha, na jina lake, la kijiji chake na la mwanawe vyaweza kumgharimu maisha. Je, tuseme basi kwamba usalama wake umo katika kutojulikana kwa maneno yake? Kwa maoni yetu, hapana. Anwani ya matini na anwani ya mtu ni vitu viwili. Watunzi wa majibizano walijua kumficha mtu katika fumbo huku tukio likibaki wazi. Mahali pa jumla, mwezi, mwaka na jambo lenyewe vyaweza kuandikwa. Jina na kila alama ya kumtambulisha msimulizi vikatunzwa kando, au visitunzwe kabisa. Na pale ambapo hata mahali ni hatari, tarehe ya kufunguliwa kwa andiko iwekwe mbele, wala haraka ya mtafiti isiitangulie.

7.0 Hitimisho

Tumeona kwamba "Vocabulaire" haikukosa wasomaji kwa sababu ya Kiswahili chake, na haikuwapata kwa kusanifiwa. Ilipewa anwani ikatembea, ila anwani hiyo iliwekwa mbali na nyumbani. Kwa masimulizi ya Kanyaruchinya tunapendekeza mambo manne ambayo idara zetu zinaweza kuyaanza kwa karatasi na kalamu tu:

(a) Kila simulizi lihifadhiwe katika Kiswahili kilekile kilichosemwa, na tafsiri iwekwe kando yake, wala isikae mahali pake.

(b) Kichwa kitaje mahali, wakati na jambo, kwa maneno ambayo wenyeji wenyewe wangeyatumia kulitafuta.

(c) Aya zipewe namba, ili anayetaka kutaja aweze kutaja na anayetaka kubisha ajue anabishana na nini.

(d) Kila simulizi lielekeze kwenye mengine yanayohusu jambo lilelile, hasa yale yanayolipinga.

Nakala ziwekwe shuleni na parokiani, si chuoni tu, kwa kuwa wasomaji wa kwanza wa matini hizi ndio wenye matini. Wengi wao sasa wametawanyika: wengine wamerudi Rutshuru, wengine wako mjini, wengine wamevuka mpaka. Siku watakapotaka kuwaonyesha watoto wao walipopita, kambi haitakuwapo ya kuonyesha. Yatakuwapo maneno waliyoyasema, ikiwa tutakuwa tumeyapanga mahali ambapo yanaweza kuonekana.